Kiti cha Mbele cha Mama Viti

Mama Viti alikuwa mtu wa kuamka amechoka. Usidhani ni uvivu. Mvivu huamka amepumzika, ndiyo maana ana nguvu za kuendelea na uvivu wake mchana kutwa. Huyu alichoshwa na kazi ya kuvalisha viti vya magari, kazi yenye kichekesho chake: unashinda ukiwatengenezea watu pa kukaa, na wewe mwenyewe huna pa kukaa. Unapiga magoti kwenye sakafu ya gari la mtu, kichwa kiko chini ya kiti, miguu imebaki nje ya mlango, unavuta ngozi ya bandia mpaka kucha zinauma. Ukitoka hapo kiuno kinakataa kunyooka, unatembea umeinama kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Karakana yake ilikuwa banda la mabati kando ya barabara, kati ya waosha magari na mziba pancha. Upande huu maji, upande ule upepo, ndivyo mziba pancha alivyopenda kusema, na katikati mama yetu na uzi wake. Ndani mlikuwa na cherehani kubwa yenye sauti ya kukohoa, mabunda ya ngozi ya bandia yaliyosimamishwa kwenye kona, sponji, makopo ya gundi ya kuumiza kichwa, na kiti kimoja kilichong'olewa kwenye gari lililokufa zamani. Hicho walikalia wateja.

Na wateja ni watu wa ajabu. Mtu akinunua gari, hata hajajua breki zake zikoje, anakimbilia kuvalisha viti. Karibu wote walikuja na ombi lilelile: vile vishikizo vya mikanda kwenye kiti cha nyuma, vinavyochomoza palepale abiria anapotaka kuweka makalio, vizamishwe. "Vinachoma, mama. Kwani nani anafunga mkanda nyuma?" Zamani Mama Viti alibishana nao. Kutoboa tundu la kishikizo na kulizungushia mshono usiokunjamana ni kazi ya fundi hasa, na aliyaonea fahari matundu yake. Lakini mteja ni mfalme, na mfalme akinuna anavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine. Ukichoka kubishana, unazamisha. Unaivuta ngozi juu ya kishikizo, unaibana kwa chini, kiti kinabaki laini kama kitanda kilichotandikwa, na mwenye gari anaondoka anapiga mluzi.

Kitanda kizuri kuliko vyote alikitandika kwenye gari la mkwe wake. Mkwe huyo alikuwa dereva wa gari la kukodi, kijana mwenye heshima mpaka heshima yenyewe inachosha. Alipomwoa binti yake wa pekee, Mama Viti alimvalishia gari zima bila kuombwa: viti vya rangi ya damu ya mzee na mshono mweupe, milango, hata vile vibao vya kukinga jua juu ya kioo cha mbele. Kiti cha nyuma hakikuwa na tundu hata moja, kwa sababu mkwe alisema abiria wanalalamika. Gari hilo lilimletea wateja kuliko kibao cha karakana. "Nataka kama la mkweo," walimwambia, naye alitabasamu, maana sifa haimchoshi mtu.

Waliishi nyumba moja, na kila jioni mkwe alipita kumchukua. Mjukuu alikuwa tayari garini, ametoka chekechea, mtoto wa miaka minne mwenye doa jeusi shavuni, ndiyo sababu nyumba nzima ilimwita Kidoti. Mkwe alishuka, akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele. "Karibu, mama." Mama mkwe hakai nyuma. Nyuma ni kwa abiria na mizigo. Kumweka mama mkwe huko ni kuutangazia mtaa kwamba umemchoka. Akishakaa, anapakatishwa Kidoti. Na kwa kuwa gari lilipiga kengele mtu akikaa bila mkanda, mkanda wa kiti cha mbele ulikuwa umefungwa siku zote, umepitishwa nyuma ya mgongo, umekaliwa. Gari likadhani bibi amejifunga, likanyamaza. Walicheka sana jinsi lilivyo rahisi kudanganywa.

Kwa kweli hapo ndipo siku yake ilipokuwa tamu. Mtoto mapajani, nywele zake zinanukia chaki na jua, miguu midogo inagonga dashibodi, na hadithi za nani kampiga nani shuleni. Mama Viti alimzungushia mikono akahisi uchovu unashuka kama mtu anayetua mzigo. Ungempa kiti cha enzi, asingebadilishana.

Siku moja katikati ya wiki alikuja baba mmoja na gari ambalo boneti yake ilionekana imenyooshwa na kupakwa rangi mpya. "Viti ni vizima," alisema. "Nataka unifunikie hapa." Akaonyesha dashibodi, upande wa abiria. Ilikuwa imepasuka na kupanuka kama mdomo, na kutoka ndani yake ulining'inia mfuko wa kitambaa cheupe kilichochafuka kwa unga unga.

"Ni nini hiki, baba?"

"Mfuko wa hewa. Ulifumuka."

Mama Viti alikuwa ameshika dashibodi nyingi, lakini mfuko uliotoka hakuwahi kuuona. Fundi ni fundi. Kwanza aliangalia mshono. Ulikuwa mshono mzuri, uzi mnene, kazi isiyo na utani. Halafu akaona shanga ndogo ya buluu imenasa kwenye mkunjo, zile za kusukia nywele za watoto.

"Kulikuwa na mtoto?"

Yule baba aliyatazama magari yanayooshwa. "Mama yake alikuwa amempakata. Lori la mchanga lilisimama ghafla mbele yetu. Wala sikuwa mbio, mama, naapa. Mwendo wa kwenda sokoni tu. Mimi sina hata mchubuko."

"Na mtoto?"

"Yuko hospitali. Jicho. Muuguzi kaniambia si lori lililomuumiza, ni huu mfuko. Eti umetengenezwa kwa kifua cha mtu mzima aliyefunga mkanda, na unatoka kama teke la punda. Mtoto wa kupakatwa, uso wake uko palepale unapotokea. Anatakiwa nyuma, kwenye kiti chake cha kitoto, amefungwa."

"Lakini mama yake alimshika?"

"Kwa mikono miwili. Anasema hajui hata alimtokaje mikononi. Sasa hataki kupanda gari akiliona hili tundu. Lifunike, mama. Lionekane kama hakijatokea kitu."

Akaacha ufunguo, akaondoka kwa miguu. Mama Viti aliukata mfuko, akautoa, na ile shanga akaitia mfukoni mwa aproni. Hakufanya kazi nyingine mchana ule. Alikaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo mziba pancha aliliona akauliza kama anaumwa.

Mngependa kusikia kwamba jioni ile aligoma. Hakugoma. Kiuno kilikuwa kinawaka, nyuma ya gari la mkwe kulikuwa na watu wanapiga honi wapite, na kueleza jambo kama lile kunahitaji mtu mwenye pumzi. "Karibu, mama," na akapanda, na Kidoti akamrukia mapajani. Alichofanya ni kusukuma kiti nyuma mpaka kikagota, akaweka viganja vyake mbele ya uso wa mtoto.

"Bibi, sioni!"

"Usione."

Kila gari la mbele lilipowasha taa za breki, alimvuta mtoto kifuani. Aliitazama dashibodi aliyoifuta vumbi mara nyingi, akaona maandishi ya mfuko wa hewa yaliyochongwa pale, ambayo siku zote aliyachukulia kuwa urembo. Aliitazama mikono yake. Aliogopa njia nzima, na alijionea haya kwa kupanda.

Nyumbani, baada ya chakula, akasema. Binti alikuwa anakunja nguo, mkwe yuko na chai yake.

"Kuanzia kesho mtoto akae nyuma. Na mimi nitakaa naye hukohuko."

Mkwe akaweka kikombe chini. "Nimekukosea nini, mama?"

"Hujanikosea, mwanangu."

"Nikuweke nyuma kama abiria? Watu watanionaje? Watasema nimepata gari nikamsahau aliyelivalisha."

Akawaeleza habari za ule mfuko na jicho la mtoto wa watu. Alieleza vibaya, alianzia katikati, akarudi mwanzo. Binti alisogea akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

"Mama, Kidoti atakuwa salama wapi kuliko mikononi mwako? Umechoka tu. Tena ajali haina kinga."

"Methali hiyo aliitunga mtu asiye na mjukuu," akajibu Mama Viti. "Mikono hii ikifika jioni haiwezi kushika mkasi. Itamshika mtoto mbele ya teke la punda?"

Wakacheka kidogo kwa ajili ya punda, na mazungumzo yakaishia hapo. Ndivyo yalivyo maneno ya bibi katika nyumba nyingi: yanapokelewa kwa adabu kubwa, kisha yanawekwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Asubuhi ya siku ya mapumziko, wenzake wakiwa bado kitandani, alichukua mfuko wa vifaa akatoka nje. Alianza na kibao cha kukinga jua cha upande wa abiria. Akafumua mshono wake mwenyewe, akakunjua kitambaa. Chini yake kulikuwa na kibandiko cha manjano, na juu yake picha ya mtoto na ya mfuko uliofura, imepigwa mstari mwekundu. Akakikumbuka. Alijaribu kukibandua siku ile, kikagoma, akaona kinaharibu rangi, akakishonea ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe alikuwa ameishona yeye. Alikaa na jambo hilo kwa muda, mlango wazi, mguu mmoja nje.

Kisha akaenda kiti cha nyuma. Hakuwahi kukata kazi yake iliyokamilika. Fundi hukata kitambaa, hakati kiti. Alipapasa kwa kiganja mpaka akahisi uvimbe wa kishikizo cha kwanza, akachomeka kisu. Ngozi ilipasuka kwa sauti ndogo iliyomuuma kuliko alivyotegemea. Akavitoa vishikizo vyote. Kimoja kilikuwa kimeganda gundi, akakichokonoa kwa sindano ya kushonea magunia mpaka ulimi wa mkanda ulipoingia ukalia. Hakuwa na subira ya kuzishona kingo. Kiti kizuri kuliko vyote mtaani kilibaki kama kimegugunwa na panya.

Mkwe alitoka na mswaki mdomoni. Akasimama. Povu likamshuka kidevuni naye hakulifuta.

"Mama," alisema. Halafu akarudi ndani kusukutua. Kuanzia siku ile alizungumza naye kwa maneno mafupi yenye adabu tupu, na maneno ya namna hiyo ni afadhali matusi.

Binti alinuna naye, lakini hakuwa mpumbavu. Alikitazama kile kibandiko, akamtazama mwanawe, akakitazama tena. Siku chache baadaye akarudi kutoka mjini na kiti cha mtoto, cha plastiki ya rangi ya majivu, na mikanda yake ya mabegani. Kilikuwa kibaya cha sura. Vidole vya Mama Viti vilimwasha. Alikwisha kukipima na kuchagua kitambaa, kisha akasita. Chochote ambacho angekiweka kati ya mtoto na ile mikanda kingeilegeza. Akakunja futi yake. Ndicho kiti pekee maishani mwake alichokiacha uchi.

Mnadhani basi mambo yalinyooka? Kidoti alilia kila jioni. Nyuma haoni barabara, nyuma si kubwa, bibi mbaya. Alimpiga bibi mateke ya pajani. Na mkwe, mkaidi wa heshima, aliendelea kuzunguka gari na kufungua mlango uleule wa mbele. "Karibu, mama." Mama Viti alimpita, akajifungulia mwenyewe mlango wa nyuma, akainama na kiuno chake, akaikaza mikanda ya mtoto mpaka kidole hakipenyi kwa urahisi, akajifunga na wake. Kiti cha mbele kikasafiri peke yake. Mkwe aliendesha akitazama mbele kama anayesindikiza msiba.

"Vipi mama, wamekufukuza mbele?" aliuliza mziba pancha, na waosha magari wakacheka. Mama Viti akaendelea kukaza mikanda. Alikuwa amechoka kuliko zamani, maana sasa alichoka mchana na jioni. Kumkinga mtoto na jambo ambalo halijatokea ni kazi isiyo na asante; likitokea utaambiwa hukukinga, lisipotokea umesumbua watu bure. Kuna jioni mlango wa mbele ulipofunguliwa alisimama akakitazama kile kiti, jinsi kilivyo karibu, jinsi asingehitaji kuinama. Mara moja aliweka hata mkono juu yake. Halafu akazunguka.

Gari la yule baba likakamilika. Alikuja kulichukua alasiri moja pamoja na mkewe, na mtoto. Alikuwa msichana wa umri wa Kidoti hivi, nywele zimenyolewa upande mmoja, jicho la kushoto limefunikwa kwa bandeji, na la pili linazunguka likitazama kila kitu kwa pupa. Mama yake aliingiza mkono garini akaipapasa dashibodi. Haikuwa na kovu. Mshono ulipita pembeni kama uliozaliwa hapo.

"Kama hakijatokea kitu," alisema taratibu.

Mama Viti akavimba kwa fahari, ile fahari ya zamani, na papo hapo ikamgeukia kuwa aibu. Maana yule baba alikuwa amekwisha fungua mlango wa mbele, mkewe amekaa, na mikono imenyooshwa kumpokea mtoto.

"Nyuma!" alisema Mama Viti kabla hajajua kwamba anasema.

Baba akageuka. "Mfuko haupo tena, mama. Umeutoa wewe mwenyewe. Sasa kuna hatari gani?"

"Kioo kipo. Dashibodi ipo. Lori lipo." Akanyoosha kidole barabarani. "Mimi nimefunika tundu, baba. Sikufunika barabara."

Akafungua mlango wa nyuma. Hakuombwa kugusa kiti kile, lakini aliyekivalisha zamani alikuwa amevizamisha vishikizo, kama wanavyozamisha wote. Mama Viti alikuwa amevitoa na kuyazungushia matundu mshono mweupe, mdogo mdogo, matundu mazuri kuliko yote aliyowahi kushona. Mama wa mtoto aligeuka akayatazama. Akashuka kule mbele bila kumwangalia mumewe, akambeba binti yake, akaingia naye nyuma.

"Kiti chake cha kitoto tutanunua," alisema baba.

"Kinunueni leo. Kabla hamjafika nyumbani."

Kisha akaikumbuka ile shanga. Akaitoa mfukoni mwa aproni, akaiweka kwenye kiganja cha mama wa mtoto, na yule mama akakifumba kiganja akakiweka kifuani.

Mkwe alikuwa amefika katikati ya hayo yote. Alisimama ameegemea gari lake, ufunguo mkononi. Kidoti alikuwa nyuma kwenye kiti chake cha majivu, kioo kimeshushwa, na yule msichana akampungia mkono kutoka gari la pili. Kidoti akapunga. Kisha akauliza, kwa ile sauti ya watoto inayofika kila mahali:

"Baba, jicho lake jingine liko wapi?"

Waosha magari walizima bomba la maji. Yule baba aliingia kwenye usukani akafunga mkanda, akaangalia nyuma mara mbili, akaondoa gari polepole sana.

Mama Viti alivua aproni, akafunga banda, akakokota miguu mpaka garini. Mkwe akazunguka kama siku zote. Mkono wake ulikwenda kwenye mlango wa mbele kwa mazoea, ukafika kwenye kitasa, ukakaa hapo. Halafu ukasogea. Akafungua wa nyuma.

"Karibu, mama," alisema. Akamshika kiwiko alipoinama, akangoja mpaka aliposikia mkanda umelia, ndipo alipoufunga mlango, pole pole, kama mtu anayetoka chumba chenye mgonjwa aliyelala.

Alipaswa kufurahi. Mlango huo alikuwa ameungoja jioni nyingi. Lakini alijua si maneno yake yaliyoufungua, wala si kisu alichokitia kwenye kazi yake bora. Ulifunguliwa na jicho la mtoto wa watu. Alikuwa amechoka mno hata kulia. Kidoti, ambaye bado alikuwa na kinyongo cha kunyimwa mbele, alimpiga teke la paja. Bibi aliudaka ule mguu mdogo, akaushika na kiatu chake, na hakuuachia mpaka walipofika nyumbani.